Ng'ombe wa Mgonjwa

Haya naandika kwa ajili ya mtu wa aina moja tu: yule aliyetoka hospitali na vidonge vya vitamini D vya kupandisha kalsiamu, akafika nyumbani, na watu wa nyumbani wanampenda. Kama hupendwi, mambo yako ni rahisi, utameza dawa zako na kulala. Mimi nilipendwa, na kupendwa kwenyewe kukanirudisha wodini nikiwa sijui leo ni Jumatatu au Jumapili.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Tlawi kwenye baridi, kwa wakulima wa maharage na viazi, nikaolewa huku chini Dirma kwa wafugaji Wabarbaig. Shingoni nilikuwa na rovu tangu shule ya msingi. Kwetu milimani rovu si habari. Bibi yangu alikuwa nalo, na shangazi yangu analo mpaka leo na anaimba nalo kwaya. Langu lilianza kunibana pumzi nikilala chali, halafu ugali ukaanza kupita kwa shida. Ndipo mume wangu, baba Agnesi, akasema basi, twende hospitali ya Haydom.

Upasuaji wenyewe nauruka, maana nilikuwa nimelala kama wewe ambavyo ungelala. Nilipoamka, shingo ilikuwa nyepesi na sauti ipo, nikamshukuru Mungu. Kesho yake midomo ikaanza kuwasha, kama sisimizi wanatembea juu yake. Nikadhani ni baridi ya wodi. Mchana vidole vikafuata. Vilijikusanya vyenyewe, dole gumba likaingia ndani, mkono ukakaa kama wa mtu anayechota chumvi kidogo, na haukukubali kufunguka. Fundi cherehani ambaye mikono haifunguki ni nani? Nililia kwa sauti, na wala sikuona aibu.

Nesi alikuja mbio, akamwita daktari, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya pole. Wakanipa kalsiamu kwenye mshipa, polepole, mwili mzima ukapata joto, na vidole vikaanza kulegea kimoja kimoja. Daktari akanieleza kwamba karibu na rovu kuna vitezi vidogo vinavyolinda kalsiamu ya damu. Vyangu vimeshtuka. Huenda vikaamka, huenda vikachelewa sana, na mpaka viamke, dawa itafanya kazi yao. Hilo ndilo somo lote la udaktari nitakalokupa.

Siku ya kuruhusiwa nilipewa aina mbili za dawa. Kulikuwa na vidonge vya kalsiamu, vikubwa kama vifungo vya koti, na vitamini D, vipunje laini vidogo ambavyo ungeviangusha sakafuni usivione. Daktari alishika hicho kidogo kati ya vidole.

"Mama Agnesi, hiki kidogo ndicho chenye nguvu. Usiongeze, usipunguze, usiache bila kuniambia. Na damu ipimwe kila tunapokupangia, hata ukijisikia mzima. Maziwa unakunywa?"

"Kwenye chai."

"Mengi?"

"Ya kubadili rangi tu, daktari."

Akacheka. "Sawa, endelea hivyo hivyo. Ukibadilisha chakula, niambie, maana na dawa itabidi ibadilike."

Nilimjibu ukweli mtupu. Sikujua kwamba nyumbani kuna ng'ombe ananisubiri.

Nieleze hapo vizuri. Kwenye boma la mume wangu, mgonjwa wa kitanda akirudi, mkubwa wa nyumba anamtengea ng'ombe mmoja wa maziwa. Maziwa ya huyo ng'ombe hayauzwi, hayasukwi siagi, mtoto hayagusi. Ni ya mgonjwa, asubuhi na jioni, mpaka siku atakaposema mwenyewe mbele ya watu, "Nimepona." Akishasema, ng'ombe anarudi kundini na watu wanakula nyama ya mbuzi. Niliwahi kuona anatengewa shemeji yangu aliyevunjika mguu. Sikuwaza kwamba mimi ningetengewa.

Kwa nini sikuwaza? Kwa sababu ya mama mkwe. Huyu mama hakunitaka. Hakuwahi kunitukana, lakini miaka yote aliniita "mtu wa jembe," na kila nilipoingia zizini alinifuata nyuma kuhakikisha sijafungua ndama kimakosa. Tulisalimiana kwa heshima, shikamoo mama, marahaba, kisha kila mtu na shughuli zake. Sasa siku nashuka kwenye basi na kitambaa shingoni, nikamkuta amesimama mlangoni pa boma, kibuyu mkononi, na nyuma yake ng'ombe wake mwenyewe, yule mwekundu aliyempenda kuliko wote.

"Huyu ni wa kwako," akasema.

Nilipiga magoti, nikalia. Baba Agnesi naye akageuka akajifanya anatafuta kitu kwenye begi.

Basi nikawa nakunywa. Asubuhi kibuyu, jioni kibuyu, maziwa yenye harufu ya moshi wa mkaa aliosafishia kibuyu. Mama mkwe alikaa pembeni yangu kwenye kigoda mpaka nishushe tone la mwisho. Tulianza hata kuongea, mimi na Kibarbaig changu cha kuokoteza, yeye na Kiswahili chake cha mnadani. Alinisimulia habari za ujana wake. Alinifundisha kutambua ng'ombe kwa pembe. Mikono ilifunguka, nikarudi kwenye cherehani, nikashona sare za shule, mapaja yakajaa tena. Dawa zangu nilimeza kama nilivyoambiwa, sikukosa hata siku.

Tarehe ya kupima damu ilikuta mvua za masika zimekata barabara, na basi halikupita. Mvua ilipotulia ikaja palizi, na baada ya palizi nikawa na sare za watu. Nilijisemea damu yangu iko humu humu mwilini, haikimbii.

Kilichoanza ni kiu. Niliweka ndoo ya maji karibu na cherehani, nikawa nachota kama mtu aliyetoka kuchunga kwenye jua kali, na mkojo nao ukawa hauniachi nimalize mshono mmoja. Halafu choo kikubwa kikafunga kabisa. Tumbo likawa gumu, chakula kikaninukia vibaya, asubuhi natapika. Mama mkwe aliniangalia, akaenda ndani, akaleta dawa ya tumbo ya kwao: magadi ya ziwani, ameyayeyusha kwenye maji ya moto, akachanganya na maziwa. Nikabeua, nikapata nafuu kidogo. Kwa hiyo akaongeza, na kwenye mboga pia akatia.

Nikazidi kuisha. Miguu haikutaka kunibeba. Nilishona mkono wa shati kwenye shingo ya shati, nikakata uzi, nikakunja vizuri nikamkabidhi mwenyewe. Siku moja nilimwangalia mwanangu Agnesi, nikalitafuta jina lake, nisilipate. Mtoto alitoka nje akamwambia baba yake, "Mama ananiangalia kama mgeni."

Hapo nyumba ikagawanyika. Mashemeji walisema hospitali waliondoa kitu kingine pamoja na rovu. Mama mkwe alisema maziwa hayatoshi, aongezewe ng'ombe wa pili. Mimi mwenyewe, kwa akili iliyobaki, niliona kalsiamu imeshuka tena, nikataka nimeze vile vidogo mara mbili. Baba Agnesi akanipokonya pakiti.

"Wamesema usiongeze."

"Sasa nife?"

"Midomo inawasha?"

"Hapana."

"Vidole vinajikunja?"

"Hapana."

"Basi huu si ule ugonjwa. Huu ni mwingine, na sisi hatuujui." Akaweka dawa kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Yule mwanaume si mtu wa maneno mengi, na mara nyingi jambo hilo huniudhi. Siku ile maneno yake machache ndiyo yaliyoniokoa.

Mtu atauliza, kwa nini hukusema umepona ili ng'ombe arudi kundini? Ningesemaje? Daktari alikuwa ameniambia dawa ni ya muda mrefu, labda miaka. Kusimama mbele ya ukoo na kutamka nimepona, kisha niingie ndani nimeze vidonge, ni kuwadanganya watu juu ya ng'ombe. Pale nyumbani unaweza kusamehewa mengi, lakini hilo sijui. Isitoshe, nisidanganye, nilimtaka yule ng'ombe. Nilitaka mama yule aendelee kukaa kando yangu kwenye kigoda.

Tukapanda basi la Haydom, mimi, mume wangu, na mama mkwe aliyekataa kubaki. Kwenye benchi la kusubiri watu walijaa kama kawaida, wa Mbulu na makoti yao, wa Hanang na mashuka yao, watu waliotoka mbali usiku. Nilikunywa maji yetu yakaisha, nikaanza kuomba ya majirani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinipa chupa yake yote akasema kunywa tu mama, mimi nitapata mengine. Simjui jina, lakini namwombea. Walinitoa damu, tukasubiri tena, mpaka jina langu likaitwa na mume wangu akaitikia badala yangu.

Alikuwa daktari yule yule. Alishika karatasi ya majibu akaiangalia muda.

"Kalsiamu imepanda sana," akasema. "Imepita juu kabisa. Na figo zimeanza kulemewa. Mama Agnesi, umebadilisha nini?"

"Hakuna."

"Umeongeza vidonge?"

"Hapana," akasema mume wangu, akatoa pakiti mfukoni, vidonge vikahesabiwa, vikawa sawa.

"Chakula?"

"Hakuna kilichobadilika," nikasema. Na nilimaanisha. Kwa akili yangu, maziwa yalikuwa nyumbani, hayakuwa chakula cha kumtajia daktari.

Mama mkwe hakuwa anafuata mazungumzo. Aliona tu midomo yangu imekauka kwa kuongea. Akafunua shuka, akatoa kibuyu, akaniwekea mdomoni mbele ya daktari.

"Shikamoo bibi," daktari akasema polepole.

"Marahaba."

"Hicho ni nini unachompa?"

Mume wangu akafumba macho. Kisha akaeleza yote: ng'ombe, asubuhi na jioni, kigoda, magadi. Daktari alisikiliza bila kumkatiza. Aliuliza kibuyu kinajaa kiasi gani, na magadi yalianza lini. Kisha akasema anasimamisha vidonge vyangu vyote kwa sasa, na maziwa, na magadi, nilazwe leo leo nipewe maji ya mshipa. Alisema dawa ile ndogo kazi yake ni kuvuta kalsiamu yote inayopita tumboni na kuiingiza kwenye damu. Haichagui ya kidonge wala ya ng'ombe. Na magadi yakichanganyika humo, mwili unazidi kushindwa kuitoa. Tungechelewa, figo zisingerudi, na mimi huenda nisingerudi pia.

Mume wangu alipaswa kumtafsiria mama yake. Alisimama pale, akakohoa, akasema maneno machache kwa Kibarbaig. Mama mkwe akauliza neno moja, na hilo nililielewa bila msaada.

"Nimemuua?"

"Mwambie hapana," daktari akasema, maana hata yeye alilielewa usoni. "Mwambie maziwa yake ni mazuri. Ni dawa ndiyo haikujua kwamba yanakuja."

Mama alifunika kibuyu chake, akakifunga na shuka taratibu, akatoka. Jioni mume wangu alikuja kuniambia mama yake amepanda basi, amerudi Dirma peke yake.

Wodini nilijazwa maji mpaka nikahisi nitamwagika. Kila mkojo ulipimwa, kila siku damu. Kiu iliondoka kwanza. Akili nayo ikarudi vipande vipande, na jina la kwanza kurudi lilikuwa la Agnesi, nikalitamka tamka mwenyewe kitandani mpaka jirani yangu akauliza kama naota. Siku tumbo lilipofunguka nilitamani watangaze redioni. Huyo jirani, bibi wa Mbulu aliyevunjika nyonga, alipiga makofi. Ukiwa mgonjwa, ndugu yangu, furaha inakuja na mambo ambayo huwezi kuyasimulia kanisani.

Lakini nilikuwa na hofu, na haikuhusu figo. Niliwaza yule mama kwenye basi, kibuyu mapajani, akijiona mchawi wa mkwe wake. Niliwaza ng'ombe amerudishwa kundini na mimi nimerudishwa kwenye "mtu wa jembe." Kurudi Dirma kulinitisha kuliko kisu kilivyonitisha.

Niliporuhusiwa, vipimo vilikuwa vimetulia na dawa zikaanzishwa upya kwa kiasi kidogo kuliko cha kwanza. Daktari alinipa masharti, nami nakupa wewe kama nilivyopewa, ingawa yako atakupa wa kwako. Maji ya kutosha kila siku. Maziwa kikombe kimoja, na kiwe kimoja kila siku, kisiwe kibuyu leo na kesho hakuna. Magadi hapana. Dawa za kiungulia za dukani, vitamini za kwenye makopo, usiguse kabla ya kuuliza. Midomo ikiwasha na vidole vikijikunja, kalsiamu huenda imeshuka. Ukiwa na kiu isiyoisha, mkojo mwingi, choo kigumu, kutapika na akili kupotea, huenda imepanda. Kote kuwili dawa ni kwenda hospitali, usijitibu kwa kubahatisha. Na damu ipimwe, mvua inyeshe isinyeshe. Dada yangu wa Babati alitaka kunitumia kopo la vitamini za mifupa. Nilipiga simu hospitali kwanza, wakakataa, akazimeza mwenyewe.

Nyumbani mlangoni pa boma hapakuwa na mtu. Mama mkwe alijibu shikamoo yangu akiwa upande wa pili wa zizi. Hakuja jioni, wala kesho yake. Chai yangu ililetwa nyeusi. Aliacha kabisa kuingia jikoni kwangu, na nilipomuuliza baba Agnesi, akasema, "Mama anasema mikono yake ina balaa."

Baada ya siku kadhaa za chai nyeusi, midomo ikaanza kuwasha. Kidogo tu, kama mwanzo ule. Nikapiga simu hospitali, nesi akaniuliza kikombe changu cha maziwa nakunywa? Nikakiri chai inakuja nyeusi, na mimi naona haya kuomba. Akasema, "Mama, hicho kimo kwenye hesabu ya dawa yako. Kunywa, kesho njoo upime."

Nikajifunga kanga, nikaenda kwa mama mkwe. Alikuwa anakamua. Nikachuchumaa mbali kidogo kwa adabu.

"Mama, naomba maziwa."

Hakugeuka. "Ufe?"

"Nisife. Yakizidi yananiua, yakikosekana vidole vinajifunga. Yanatakiwa kikombe kimoja, kila siku kile kile. Mimi mtu wa jembe, nitajuaje kupima maziwa?"

Aliendelea kukamua. Mabega yake yakatikisika, nami nikaogopa analia. Alikuwa anacheka.

"Kweli hujui," akasema. "Ungemwaga."

Kesho yake nilikwenda kupima, majibu yalikuwa chini kidogo tu, dawa haikuguswa. Tangu siku hiyo kikombe kinakuja, cha bati, hakijai wala hakipungui, na akiniletea anakaa kwenye kigoda. Nimepima damu mara nyingi tangu hapo, kiangazi na masika, na iko pale inapotakiwa. Figo zimerudi. Nashona. Vitezi bado havijaamka, na mimi nimeacha kuvisubiri kwa hasira.

Baada ya mavuno wanawake wa ukoo walikuja kunijulia hali. Nilijua itakuwa siku ngumu. Kwa desturi yao kila mmoja anamletea mgonjwa kibuyu, na mgonjwa anakunywa mbele yao, kila kibuyu angalau nusu. Kukataa ni kumwambia mtu sitaki unitakie uzima. Walikaa, wakasalimia, na mkubwa wao akaninyooshea cha kwanza. Nilitafuta maneno kwa Kibarbaig, sikuyapata, wala kwa Kiswahili.

Mama mkwe akasimama. Alikipokea kile kibuyu kwa mikono miwili, kama ndiye aliyeletewa, akakinywa chote, polepole, watu wakimwangalia. Akajifuta mdomo kwa ncha ya shuka.

"Yamemfika," akasema. "Huyu ananywea mdomo wangu."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akauliza, "Na atasema lini amepona, ng'ombe arudi kundini?"

"Hasemi. Ana vidonge vyake, na ng'ombe ni wake."

Kisha akanyoosha mkono kupokea kibuyu kilichofuata.